Warsha ya siku mbili na kikao cha kila wiki

Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania, sheria ya mwaka 1971, kinasema hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Zaidi ya miaka arobaini baadaye, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta asilimia 58 ya wanawake na asilimia 40 ya wanaume wakikubali kwamba mume anaweza kumpiga mkewe kwa sababu fulani: kaunguza chakula, katoka bila kuaga, kabishana naye. Ziangalie tena namba hizo. Wanawake ndio waliokubali zaidi.

Sheria ilipita bungeni, lakini nyumbani haijafika. Ndiyo maana mashirika, serikali za mitaa, makanisa na misikiti huita watu wakae wazungumze kuhusu usawa wa mume na mke. Je, kukaa huko kunabadilisha chochote?

Wanaokataa wana hoja nzito, na nyingi ni za kweli. Umewahi kuiona warsha ya siku mbili. Ukumbi wa hoteli, mgeni rasmi aliyechelewa, bango kitita na kalamu rashasha, utambulisho unaokula asubuhi nzima, maazimio yanayoandikwa jioni ya siku ya pili huku watu wakiulizia nauli. Washiriki ni wale wale waliokuwa kwenye warsha ya mwezi uliopita, maana mtendaji huwa na orodha yake. Posho ikishakuwa sababu ya kuja, mtu hujifunza haraka majibu ambayo mwezeshaji anataka kuyasikia. Mwanaume anaweza kusimama mbele ya watu arobaini akahubiri usawa, akarudi nyumbani akafoka kwa sababu maji ya kuoga hayajachemka. Kwangu mimi fedha inayopotea hapo si hasara kubwa kama ile ya watu kuzoea kusema wasichokiamini.

Lakini wanaotupa wazo zima kwa sababu ya hoteli wanachanganya mambo mawili.

Nimekaa kwenye kikao cha aina nyingine, nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa, kwenye mabenchi ya kuazima. Hakukuwa na posho. Mwezeshaji alikuwa mkazi wa mtaa ule ule, fundi cherehani. Alichora mistari miwili mchangani, mmoja wa mume na mmoja wa mke, kila mmoja ukiwa na saa ishirini na nne, akatugawia punje za mahindi: weka punje kwenye kila saa yenye kazi. Mzee mmoja akabisha kwamba kupika si kazi, ni kawaida ya mwanamke. Mwezeshaji hakubishana naye. Akamuuliza tu nani huamka wa kwanza nyumbani kwake, na huamka kufanya nini. Mzee akaanza kutaja, na kila alichotaja akakiwekea punje mwenyewe, mpaka mstari wa mke ukajaa kutoka saa kumi alfajiri hadi saa nne usiku. Akanyamaza. Wiki iliyofuata alirudi, akaomba uchorwe mstari wa tatu, wa mjukuu wake wa kike anayesoma darasa la sita.

Ombi lile lisingepatikana kwenye warsha ya siku mbili, kwa sababu kwenye warsha ya siku mbili hakuna wiki inayofuata.

Ushahidi unaotajwa sana unatoka Kampala. Mpango uitwao SASA!, ulioandaliwa na shirika la Raising Voices, ulipimwa kati ya 2007 na 2012 katika jamii nane za Makindye na Rubaga, nne zikiwa na mpango na nne zikisubiri. Walioongoza mazungumzo walikuwa majirani wa kawaida wanaojitolea, na hawakuanza na somo la jinsia. Walianza na swali la nguvu: nani anayo, na anaitumiaje. Mwishoni, ukatili wa kimwili wa wenzi dhidi ya wanawake ulikadiriwa kuwa pungufu kwa asilimia 52 kule mpango ulikofanyika. Namba hii huimbwa mno. Jamii nane ni chache, na wigo wa makadirio ulikuwa mpana kiasi kwamba kitakwimu huwezi kuiapia peke yake. Palipokuwa na uhakika zaidi ni kwenye mitazamo: wanawake waliohalalisha kipigo walikuwa wachache zaidi. Nikikumbuka ile asilimia 58, naona hilo si jambo dogo.

Hapa Dar es Salaam, TGNP Mtandao, shirika la kutetea usawa wa jinsia lililoanzishwa mwaka 1993, limekuwa likifungua milango yake Mabibo kila Jumatano kwa semina za jinsia na maendeleo ambazo yeyote huingia. Nguvu ya mpango huo naiona kwenye neno "kila".

Kuna hatari moja ambayo watetezi wa mazungumzo, nami nikiwemo, hatuisemi vya kutosha. Mwanamke akishapata ujasiri wa kusema hadharani kwamba anapigwa, usiku ule ule analala kwenye nyumba ile ile. Kama dawati la jinsia la polisi liko mbali, kama mjumbe ni rafiki wa mumewe, kikao kimemfungua kisha kimemwacha. Kwa maoni yangu hakuna mtu anayepaswa kuitisha mazungumzo ya namna hii kabla hajajua mshiriki atakimbilia wapi saa sita usiku, na nani atapokea simu yake.

Tena vikao vingi huitwa saa tatu asubuhi, siku ya kazi. Wanaokuja ni akina mama na wazee. Vijana wa bodaboda wako barabarani, wavuvi wamelala baada ya kukesha, mafundi wako saiti. Kisha ripoti inaandika kwamba wanaume hawakujitokeza. Yule fundi cherehani alikuwa akiita kikao chake Jumapili saa kumi jioni, kabla mpira haujaanza.