Mfupa ukigoma kuunga, mtu aachwe hivyo hivyo au arudi kupasuliwa?

Juzi barazani kwetu Wete mzozo ulikuwa mkubwa mpaka isha nusura itupite. Binamu yangu aloanguka mkarafuu kule Mtambwe msimu uliopita karudi kutoka Dar, mguu wa kulia umezungushiwa ringi za chuma kuanzia chini ya goti mpaka karibu na kifundo, na nyaya nyembamba kama spoku za baiskeli zimeingia upande huu zikatokea upande wa pili. Watu kumuona tu wakagawika. Wengi wakasema wazee wake wamemtesa kijana bure, alikuwa keshazowea mkongojo wake na maumivu hana, wangemwacha hivyo hivyo. Sie wachache tukasema bora alivyokwenda.

Nianze na hao wengi maana wana haki ya kusikilizwa. Kwenda kupasuliwa ukitokea Pemba si kazi ya siku moja, ni boti mpaka Unguja, boti nyengine mpaka Dar, ni mtu wa kulala nawe wodini, na watoto uliowaacha nyuma nani anawatazama? Tena mtu keshapita spitali mara ya kwanza na mfupa haukuunga, arudi kwa lipi? Fundi wa mifupa yeye anakuja nyumbani, anamjua mama yako, anapokea ulichonacho. Na anaponesha kweli, mkono wangu mie mwenyewe nilipokuwa skuli ulifungwa kwa mabanzi ya mwanzi na mafuta ya nazi na leo napigia kasia. Lugha yetu wenyewe inamtambua, gango ni kile kijiti cha kukazia kilichovunjika, kuganga ni kukifunga, na humo ndo akatoka mganga.

Lakini hapa ndo tunapojichanganya. Mifupa mingi inaunga yenyewe ikitulizwa tu. Wataalamu wanakadiria katika kila mifupa 100 inayovunjika, kama 5 mpaka 10 ndo inayochelewa sana au inayogoma kabisa. Hebu ifikirie hiyo hesabu taratibu. Fundi alofunga watu 100 ana watu 90 wanaotembea mitaani kumsifu, na kazi kubwa imefanywa na mfupa wenyewe kwa uwezo wa Mungu. Daktari alopiga plasta 100 ni hivyo hivyo, na yeye asijisifu sana. Kwa hiyo ukitaka kujua nani anajua mifupa usiulize wale 90, waulize wale 10, na hao 10 mara nyingi wamekaa ndani, hawaonekani barazani.

Binamu yangu ni katika hao. Alivunjika muundi, huu mfupa wa mbele chini ya goti, na ngozi ikapasuka. Spitali alokimbizwa walimsafisha wakampiga plasta, wakamwambia arudi baada ya wiki sita, basi, hakuna mtu aliyekaa nae akamweleza kwa nini lile plasta lisiguswe. Wiki ya tatu likaanza kumuwasha na kunuka, ami yake akalikata kwa kisu, akaletwa fundi. Fundi akafunga mabanzi, kila baada ya siku tatu anafungua anachua halafu anafunga tena. Mie simlaumu ami na simlaumu fundi peke yake, ila aloacha kumweleza mgonjwa simsamehi haraka.

Maana mfupa unataka vitu viwili, utulivu na damu. Pale ulipovunjika kunaota kwanza utando laini, baadae unakuwa mgumu kidogo kidogo mpaka uwe mfupa kamili, na ukiuchua kila siku tatu unauchana ule utando kabla haujashika. Muundi tena ndo mbaya zaidi kwa sababu mbele hauna nyama, weka kidole utaona ni ngozi na mfupa tu, damu inayofika ni chache. Ukiongeza kidonda kilichoingia vijidudu, au kisukari, au sigara, umeufungia mlango kabisa.

Sasa lile la "maumivu hana", ambalo barazani lilisemwa kama ndo ushahidi wa kupona, mie ndo linalonikosesha usingizi. Mfupa usipounga mwili unachoka kusubiri, zile ncha mbili zinajifunga zenyewe na katikati panajaa nyama ya makovu, panakuwa kama kiungo cha uongo. Maumivu yanapungua. Mwezi wa nane hivi tangu avunjike mama yake akapika mkate wa mofa akagawa kwa majirani kushukuru, kwa sababu kijana halii tena usiku. Siku hiyo hiyo nilimsaidia kunyanyua mguu apande kitandani, nikashika goti na kisigino, na muundi ukapinda katikati, pasipo na kiungo, kama kuti lililovunjika. Yeye hakusema hata ah. Mguu wa namna hiyo ukiusubiri mwaka mwengine unasubiri nini? Nyama za paja zinanyauka, kifundo kinakakamaa, na kiuno nacho kinaharibika kwa kuchechemea.

Hapa nitenganishe mambo mawili maana watu wanayachanganya. Kuna mfupa uliounga kombo na kuna usiounga. Uliounga kombo kidogo, mtu anatembea, anafanya kazi zake, hapo mie niko upande wa baraza, usimvunje upya kwa ajili ya sura. Mtoto mdogo hata kombo lenyewe mara nyingi linajinyoosha anavyokua. Usiounga ni kesi nyengine. Kuna ambao damu ipo ila unachezacheza tu, huo ukiutia chuma ndani ukatulia unaunga. Kuna uliokauka ncha, huo unataka kuongezewa mfupa, na kawaida wanauchukua kwenye nyonga ya mgonjwa mwenyewe. Na kuna ulooza kwa usaha, lazima sehemu mbovu ikatwe itupwe. Binamu yangu ulikatwa sentimita 5.

Zile ringi zilizoshangaza watu ni kazi ya daktari wa Kirusi, Gavriil Ilizarov, alianza nazo miaka ya 1950 huko Kurgan, Siberia. Mruka juu Valeriy Brumel, bingwa wa Olimpiki ya 1964, alivunjika vibaya mguu kwa ajali ya pikipiki 1965, akapasuliwa mara nyingi bila mafanikio mpaka alipofika kwake 1968, na baadae akaruka tena zaidi ya mita 2. Ringi zinafanya kazi hivi, mfupa unakatwa mahali pazima, unaachwa kama wiki moja, halafu kile kipande kilichokatwa kinavutwa taratibu kuelekea kwenye pengo na nyuma yake mfupa mpya unaota. Kinavutwa milimita 1 kwa siku, tena imegawiwa mara nne, robo robo. Ukivuta haraka hauoti, ukivuta polepole sana unaunga kabla ya wakati.

Sentimita 5 ni siku 50. Ni kuzungusha nati mara 200. Hizo siku alikaa Dar kwa shangazi yake kwa sababu ya kupigwa picha kila baada ya muda, nikaenda kumtazama, nikamkuta na spana ndogo chini ya mto. Alijipangia alfajiri, adhuhuri, magharibi na kabla ya kulala, anazungusha robo anaweka alama ya kalamu kwenye daftari la skuli la mdogo wake. Kurasa zimejaa vijistari. Na siku 50 ni za kuvuta tu, baada ya hapo mfupa mpya unasubiriwa ukomae, vyuma kwa kawaida vinakaa mwezi mmoja au zaidi kwa kila sentimita. Pale nyaya zinapoingilia panatoa majimaji, lazima pasafishwe kila siku, wengine wanapata usaha, na wapo ambao baada ya yote hayo bado hauungi. Sitaki kumdanganya mtu. Shangazi kauza cherehani yake, hilo nalo nalijua.

Bado nasema bora alivyokwenda. Ana miaka 24. Alichokuwa anaachiwa ni mkongojo wa maisha, au siku moja ule usaha upande halafu tuambiwe mguu unakatwa.

Sasa hivi karafuu zinachumwa. Hapandi, anakaa kwenye jamvi na kina mama anachambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, mguu kaunyoosha juu ya pakacha, ringi kazifunika kanga zisiingie vumbi. Picha yake nyengine ni mwezi ujao na boti keshalipiwa.