Vijana wa Mombasa, kabla hujalilaumu bega angalia kifua

Bega likichoka haraka watu wengi hapa kwetu wanalilaumu bega lenyewe, wanaliongezea uzito, wanalipaka dawa ya kuchua, basi. Mimi nafundisha vijana tizi na kwa maoni yangu wengi wao tatizo liko mbele, kwenye kifua kilichofupika, na kifua hicho kinaharibu mpaka kazi ya tumbo, na hili jambo linaniuma manake ni kitu cha kurekebishika kabisa.

Wee ingia jimu yoyote ya mtaani, iwe Kisauni iwe Majengo, zile za vyuma vya saruji, utakuta benchi lina foleni na pao ya kujivuta haina mtu. Ufuoni Pirates Jumapili ni hivyo hivyo, pushapu mpaka jua linazama, na nyingi ni nusu pushapu, kijana anashuka kidogo anapanda. Halafu Jumatatu huyo huyo yuko kwenye tuktuk, mikono mbele kwenye usukani, mgongo umepinda, kutwa nzima Likoni mpaka mjini na foleni za Mombasa mnazijua. Kifua hakipati hata nafasi ya kufunguka.

Sasa chini ya ule msuli mkubwa unaoonekana kwenye fulana kuna mwengine mdogo, wataalamu wanauita pektoralis maina, umeanzia kwenye ubavu wa tatu, wa nne na wa tano ukapanda hadi kwenye kombe la bega, pale mbele penye kimfupa kilichochongoka kama mdomo wa ndege. Huu ukifupika unalivuta kombe linainamia mbele. Na mkono ukitaka kupanda mpaka juu kabisa, zile digrii 180, ni kama 120 zinatoka kwenye kiungo cha bega na 60 zilobaki lazima kombe lenyewe lizunguke na kuegemea nyuma. Sasa litaegemea vipi nyuma na limeshikwa mbele? Ile misuli ya kulizungusha, seratasi iliyo ubavuni na trapezi ya chini mgongoni, inabaki kupigana na huo msuli mfupi kila unapoinua mkono, kwa hivyo inachoka kabla ya wakati wake, na ile nafasi ndogo juu ya kiungo ambayo kano inapita inazidi kubana ndo unasikia kile kiuchungu cha mbele ya bega. Yaani stamina unayo lakini inaliwa njiani.

Na tumbo linaingia wapi? Linaingia sana. Muangalie kijana mwenye kifua kilichobana akiinua chuma juu ya kichwa, mkono ukikwama hakubali, anapinda kiuno, mbavu zinafunguka mbele, na mzigo wote unahamia mgongo wa chini. Tumbo halifanyi tena kazi yake ya kushikilia. Kwenye planki, ule mkao wa kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka, ni vivyo hivyo, ukisimama pembeni unaona seratasi inaachia, makombe yanatokeza juu mgongoni, kifua kinazama katikati ya mabega, na punde si punde kiuno nacho kinashuka na mtu anasema tumbo langu dhaifu. Pengine tumbo lilikuwa bado linaweza, bega ndo lililoangusha.

Sisemi ukinyoosha kifua basi stamina ya tumbo inakuja yenyewe, hapana, wapo watu vifua vimefupika na planki wanashikilia vizuri tu, na tumbo lazima lifanyiwe kazi yake. Wala sisemi kifua kikubwa ni kibaya, msuli unaweza kuwa mnene na urefu wake ukawa mzuri bora uwe unaufanyisha kazi mpaka mwisho wake, ushuke kabisa chini na upande kabisa juu.

Ukitaka kujijua lala chali kwenye jamvi, mikono ubavuni, magoti umekunja, na mwenzio aangalie nyuma ya mabega yako yameachana vipi na sakafu. Hicho ni kipimo cha haraka tu, hakitoshi peke yake, lakini bega moja likiwa limenyanyuka zaidi ya lenzake na mwenzio akilisukuma taratibu likagoma, una pa kuanzia. Ingia mlangoni, weka mkono kwenye fremu kiwiko kikiwa usawa wa bega, piga hatua moja mbele mpaka usikie kifua kinavutika, shikilia sekunde 30, pumua. Rudia mara kadhaa kila upande. Usilazimishe, na kama bega liliwahi kuteguka hii iache mpaka umuone mtu wa fiziotherapia. Vidole vikikufa ganzi pia nenda, manake mishipa ya fahamu na damu ya mkono inapita chini ya huo huo msuli mdogo, na madereva wa tuktuk wanaokung'uta mkono wakisema "umelala tu" naomba wasipuuze.

Kunyoosha peke yake hakutoshi lakini, lazima uvute. Kwa kila seti ya kusukuma mimi nawawekea vijana seti ya kuvuta, na planki tunamaliza kwa kuisukuma sakafu mbali mpaka mgongo wa juu ujae, hapo ndo seratasi inaamka.

Wenye jimu nao nina neno nao. Hiyo pesa mnayotaka kununulia benchi la tatu, nunueni mipira ya kuvuta na pao nyengine ya chini kidogo ambayo hata anayeanza ataifikia, na muiweke pale mbele karibu na kioo, si kule nyuma kwenye giza penye matairi.