Tonge la uwele na mlenda darasani

Siku ya vyakula vya makabila shuleni hufundisha kidogo sana. Meza inajaa mtori, wali wa nazi na matobolwa, wanafunzi wanaonja hiki na kile, kisha wanaondoka wakijua tu kwamba Wachaga wanakula ndizi. Mimi naona heri uchukue chakula kimoja na kukaa nacho vipindi viwili. Kwa shule za Tanzania ningechagua ugali wa uwele wa Wagogo na mlenda, mboga yao ya majani inayoteleza, ukiwekwa kando ya ugali wa sembe ambao kila mtoto anadhani anaujua.

Kwa watoto 45, robo tatu ya kilo ya kila unga yatosha tonge moja moja. Kwa kila unga chemsha lita moja na nusu ya maji, koroga uji mwepesi, uache utokote, ndipo uongeze unga na kusonga. Ukiruka uji, mabonge hayaishi. Kwa mlenda uliokaushwa, lita moja ya maji ikichemka tia magadi ya ncha ya kijiko, nyanya, chumvi na vijiko vinne vya mlenda, huku ukipekecha. Usifunike sufuria, utafoka wote. Magadi yakizidi, uchungu wake utafunika kila kitu. Karanga ziache, kuna watoto zinawadhuru. Ramadhani nayo si mwezi wa somo hili.

Kinachoharibu zaidi ni kicheko. Mmoja akisema "makamasi", mtoto wa Kigogo hafungui mdomo tena. Kabla ya kuonja, andika ubaoni maneno ya kutumia: unateleza, mkavu, una chengachenga, mchungu kidogo. Hayo yanaeleza chakula bila kumgusa mlaji.

Kisha uliza: kwa nini mlenda uteleze? Dodoma, kwao Wagogo, ina msimu mmoja wa mvua, na uwele huvumilia ukame kuliko mahindi. Majani ya mlenda huchumwa masika, yakaanikwa na kutwangwa yaliwe kiangazi. Tonge la uwele ni kavu kooni. Mlenda hulishusha bila tone la mafuta. Hapa usiharakishe, waache watoto waligundue wenyewe.

Halafu rudi kwenye sembe. Mahindi asili yake ni Amerika, yakafika Afrika baada ya 1492. Uwele umelimwa barani humu maelfu ya miaka. Basi ugali upi ndio mgeni? Waache wabishane, kisha kila mmoja akamuulize bibi au babu nyumbani kwao walisonga unga gani kabla ya sembe, na aje na jina lake kwa lugha ya kwao.