Kijibarua Tu, Profesa

Meseji saa tano usiku: "Prof niaje, naomba rekomendesheni, mwisho kesho." Jina hakuna. Picha yenyewe ya waridi. Jamani! Mtu anataka asomeshwe Uingereza mwaka mzima, tiketi na chakula juu ya wenyewe, salamu yake ndo niaje?

Afadhali yule anayekuja ofisini. Nimesema afadhali? Naifuta. Huyo katoka Wete kwa boti, halua mkononi. Hodi, shikamoo Profesa, marahaba. Za nyumbani? Nzuri. Watoto? Hawajambo. Mvua je, huku imenyesha? Imenyesha. Karafuu? Eee, karafuu! Robo saa inakwisha kwenye karafuu. Profesa anatazama saa, ana kipindi. Mgeni anaaga, anashika kitasa, ndipo anageuka: "Ee, Profesa, kulikuwa na kijibarua."

Cha nini?

"Cha ufadhili."

Mwisho lini?

"Leo."

Wewe ulisoma mwaka gani vile?

"Mie ndo yule nikikaa nyuma, upande wa dirisha."

Darasa la watu mia mbili! Aandike nini sasa, kwamba mwombaji anapenda upepo? Na halua, hata ya Wete, fomu haina pa kuibandika.

Barua hiyo ya kukupendekeza upate ufadhili inaombwa wiki tatu kabla, nne ikiwezekana. Jina kamili, somo alilokufundisha na mwaka, jina la ufadhili, tarehe ya mwisho. Ambatanisha transkripti, yaani matokeo yako ya chuo, CV ya kurasa mbili na rasimu ya maelezo yako, maana "ni mchapakazi mwadilifu" bila mfano hata mmoja wanaandikiwa wote, wavivu wakiwemo. Na muulize kama anakujua kiasi cha kukusifu kwa kweli, umwachie nafasi ya kukataa bila ya kuoneana haya. Barua baridi inakuzamisha.

Tena mifumo mingi ya maombi ya mtandaoni, kiungo cha kutia barua kinamwendea profesa kwa imeili, hakipiti kwako. Jaza anuani yake ya chuo, si ya Gmail, wapo wasioipokea. Herufi moja ukikosea, hakifiki. Kikifika, kimelala kwenye spamu. Basi mwambie siku hiyohiyo akitafute, na wiki moja kabla ya mwisho mkumbushe kwa adabu. Si kumpigia kila baada ya sala.

Halafu mwisho ukiandikwa 12:00 UTC, yaani saa za kimataifa, ni saa tisa alasiri kwetu. Si saa kumi na mbili, si saa sita usiku! Watu wanakuja magharibi, wamekoga, wamejitia udi, wanakuta pamefungwa, wanalaumu intaneti.

Fomu nyengine ndo zinataka karatasi yenye nembo, saini na muhuri. Muhuri umo kabatini. Ufunguo anao bwana mmoja, na bwana kaenda harusini Makunduchi, simu kaizima. Mtu kazima simu Jumatano! Harusi ya Jumatano ya nani hiyo? Na kadi mbona wengine hatukuiona?