Meza ya Watu Watatu, Mmoja Wao Mzee

Aliyebuni mkahawa wa kifahari, popote alipo, naamini hakuwahi kuishi nyumba moja na mtoto wa miaka miwili, kwa sababu kila anachokichukia mtoto wa umri huo kimekusanywa humo na kutozwa bei: kusubiri, kunong'ona, kukaa kitako na sahani pana yenye chakula haba. Na kila anachokipenda, yaani gilasi za shingo ndefu, moto wa mshumaa, kitambaa kinachoning'inia na maji ya kuchezea, kimewekwa karibu na mkono wake kisha ikatarajiwa asikiguse.

Mimi ni mwalimu wa skuli kwetu Wete, Pemba, na kazi hiyo imenipa nyumbani sifa nisiyoiomba kwamba watoto nawaweza. Mama watoto alikuwa ameziona picha za mkahawa huo kwenye simu ya dada yake anayeishi Unguja, na likizo ilipofika, tukavuka kwa boti kutoka Mkoani, nikakumbushwa kwamba tangu tufunge ndoa sijampeleka mahali penye kitambaa cha meza. Hoja ya namna hiyo haijibiwi. Nilijaribu kuuliza mtoto tutamwacha na nani, nikaambiwa mwalimu hashindwi na mtoto mmoja.

Hapa inabidi nieleze jambo la nyumbani, kwa kuwa ndilo lililoamua tutakaa wapi. Mwanangu amerithi jina la marehemu baba yangu, na kwa vile mke wangu hana ulimi wa kulitaja jina la mkwewe, hasa pale mtoto anapostahili kukaripiwa, nyumba nzima inamwita Mzee. Mzee amelala, Mzee ameingia kabatini, Mzee amekula sabuni. Tumezoea mno. Nilipopiga simu kuweka meza nilijibu kila swali kwa ukweli mtupu, na mpaka leo sioni neno hata moja ambalo ningelibadilisha.

"Mtakuwa wangapi, bwana?"

"Watatu. Mimi, mama watoto na Mzee."

"Karibuni sana. Mzee anaweza kupanda ngazi? Meza za kutazamia machweo ziko juu, na ngazi zetu ni zile za kizamani."

"Anapanda, ila lazima ashikwe mkono. Kushuka ndiko kunakomsumbua zaidi."

"Ana masharti yoyote ya chakula?"

"Pilipili haiwezi kabisa, na meno hayatoshi, kwa hiyo nyama ngumu msimpe."

"Na msalani? Tunacho cha chini, tutamwelekeza taratibu."

"Huko msihangaike, tunakuja na nepi zake."

Sauti ya kijana ikalainika. Akaniambia Mwenyezi Mungu ataniandikia ujira mkubwa, nami nikaitikia amina, kwa sababu anayemfahamu mtoto huyu anajua kwamba ujira wake haulipiki na binadamu.

Nyumba yenyewe ni ya matajiri wa zamani wa Mji Mkongwe, iliyojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, yenye mlango wa nakshi uliopigwa misumari ya shaba na vidaka vya ukutani ambavyo siku hizi vimejazwa mishumaa. Mlangoni tulipokewa na kijana aliyevaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, ambaye alikuwa ameandaa kiti cha mgongo mrefu, mto wa kiunoni, kigoda cha kupumzishia miguu na shali kwa ajili ya upepo. Alitutazama, akatazama nyuma yetu, kisha akatazama barabarani.

"Mzee anateremka garini?"

Mzee wakati huo alikuwa ameukumbatia mguu wangu na kuipangusia kamasi suruali ya sikukuu. Nikamwonyesha. Yule kijana alikaa kimya kwa muda, halafu, kwa adabu ambayo lazima niisifu, akamwamkia shikamoo.

Meza za juu zilikwishajaa, kwa hiyo tulipelekwa kwenye ile waliyotuandalia, pale chini katika ua wa ndani, ambapo mtu asiyeweza ngazi hupata raha yake: kando kabisa ya kidimbwi cha maji chenye samaki wekundu, maua ya mwaridi yanayoelea na ukingo usiofika hata magoti yangu. Huko juu, nilielezwa, wageni hukaa chini kwenye mikeka na mito, wakajinyoosha wapendavyo. Yaani watu waliozaliwa na viti walikuwa wamelipia kukaa mkekani, na Mzee, ambaye hajawahi kula popote isipokuwa mkekani, akapandishwa juu ya kiti kirefu na kuongezewa mito miwili, kwa sababu kiti cha mtoto hawana. Tulipokaa, alikuwa anatutazama sote wawili kutoka juu. Machweo tuliyoahidiwa tuliyapata kwa masikio: jua lilipozama baharini, watu wa juu walilipigia makofi.

Orodha ya vyakula ilikuwa na bei zilizokatwa sifuri tatu ili zisimshtue mtu. Pweza ameandikiwa 62, na kwa dakika nzima mimi nilidhani ni gramu.

Sasa nizungumzie kusubiri, kwa maana malalamiko yangu yote, ukiyakamua, ni hayo. Nyumbani kwetu chakula hutangulia kuwepo, ndipo mtoto huitwa. Pale Forodhani, mwendo wa dakika chache kutoka mezani kwetu, unaunyooshea kidole mshikaki, unageuzwa juu ya makaa mbele ya macho yako, na mtoto anapata tamasha la moto na moshi bila kulipa, halafu anakula. Mahali pa kifahari hufuata sheria nyingine, kwamba kadiri unavyolipa zaidi ndivyo unavyoshinda na njaa zaidi. Tuliagiza adhana ya Magharibi ikikaribia. Nikatoka, nikasali katika msikiti wa jirani, nikazungumza na mzee mmoja barazani habari za bei ya mafuta, nikarudi, na nikakuta kilichofika ni swali: maji yenye gesi au yasiyo na gesi?

Kisha likaja sinia lenye vitu vitatu vyeupe vilivyokunjwa vizuri na kufuka moshi. Mzee akakidaka cha kwanza na kukiuma. Kilikuwa kitaulo cha kunawia mikono, naye alipogundua kwamba hakitafuniki alilia kilio cha mtu aliyetapeliwa, na kwa kweli sikuona cha kumwambia. Baada ya hapo ikaja zawadi ya mpishi, kijiko kimoja kwa kila mtu chenye povu la nazi na kipande cha kitu. Alikula cha kwake, akala cha kwangu, akatazama cha mama yake, akapewa. Halafu kukafuata kimya cha kutosha mtu kuchuma karafuu, kuzianika na kuzipeleka kuuzwa.

Mtoto mwenye njaa asiye na kazi hujitafutia kazi. Mishumaa yeye anaijua ya siku ya kuzaliwa tu, kwa hiyo aliuzima wa kwetu kwa pumzi moja na mate mengi, akapiga makofi, akasubiri keki. Keki haikuja. Akateremka, akaenda meza ya jirani, ambapo walikuwa wamekaa wageni wawili wenye pete mpya kabisa, akauzima na wao. Bibi harusi alicheka na kumpigia makofi. Ulipowashwa tena akauzima tena, na mara hiyo makofi aliyapiga mwenyewe. Mkate ulipofika hatimaye, aliuchukua wote na kwenda kuwalisha samaki, akiwaita kwa sauti ile ile anayowaitia kuku wa bibi yake, nami nikawa nimeinama ukingoni nimemshika mkanda wa suruali, katika hali ambayo mwanamume hawezi kuonekana ana hadhi hata avae nini.

Nilimwombea wali mweupe. Sikuomba zaidi ya hapo. Ombi hilo lilimleta meneja, likarudi jikoni, likajadiliwa, na baada ya muda nisioutaja, wali ukaja umesimamishwa katika umbo la mnara na kuwekewa jani dogo la kijani kileleni. Mzee aliutazama ule mnara, akaona lile jani, akausukuma. Niliondoa jani. Haikusaidia, kwa sababu kwa mujibu wa sheria zake chakula kilichowahi kuguswa na jani kimekwisha kuharibika, na rufaa haipokelewi. Alikula kipande cha ndimu na maganda yake.

Mama watoto alikuwa ameagiza urojo, nami nilimwonya kwamba kitu kinachouzwa mtaani kwa elfu mbili tatu hakiwezi kupandishwa cheo bila kudhurika. Uliletwa juu ya kibao cheusi, kila kitu kimetengwa na mwenzake: kachori moja huku, bajia moja kule, robo ya mbatata, chatne matone matatu yaliyopangwa kwa mstari, na rojo lenyewe katika kigilasi cha kunywea dawa. Mhudumu alieleza kwamba mpishi ameufumua urojo ili tuzionje ladha zake moja moja. Mke wangu alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akachukua sahani tupu ya mkate, akaviporomosha vyote humo, akavimwagia rojo, akaviponda kwa kijiko na kuanza kula. Wale maharusi walikuwa wanamtazama. Muda si mrefu wakamwita mhudumu na kumwelekeza kwa kidole, na urojo wao ukaja ukiwa umekwisha kuchanganywa.

Pweza wangu ndiye aliyeniuma. Kule Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji hulifunga eneo la miamba kwa miezi kadhaa bila mtu kuchokoa pweza, ili wakifungua wawakute wamenona, na baada ya subira yote hiyo ya watu na mnyama, mimi nililetewa ncha ya mkono mmoja, imejikunja katikati ya sahani ambayo ungeweza kuogea. Niliikata vipande vitatu ili ionekane nyingi. Paka wa Mji Mkongwe, ambao hakuna mlango wa nakshi unaowazuia, walikuwa wamekwisha kumtuma mwakilishi, naye alikuwa ameketi chini ya kiti cha Mzee kwa utulivu ambao ningependa mwanangu auige. Nikageuka kumjibu mhudumu aliyeniuliza kama kila kitu kiko sawa, na nilipogeuka tena Mzee alikuwa ananyoosha kipande cha mwisho chini ya meza na kusema, kwa ukarimu aliofundishwa na mama yake, "Karibu."

Kitamutamu sikukiagiza, lakini kilikuja kwa hisani ya nyumba: barafu ya maziwa yenye karafuu moja imesimamishwa juu. Karafuu moja! Mhudumu akatueleza kwamba hicho ni kiungo cha Zanzibar. Nilimshukuru, nikajizuia kumwambia kwamba tangu lile tufani la mwaka 1872 liangushe mikarafuu ya Unguja na kuisaza ya Pemba, kiungo hicho kinatoka kwetu, na kwamba asubuhi za msimu huzikanyaga nikienda skuli. Mzee aliitafuna. Uso wake uligeuka polepole, kwa hatua, na kwa mara ya kwanza jioni hiyo akanyamaza.

Wakati huo ndipo kikundi cha taarab kilipoanza: kanuni, udi, fidla, dumbak na mwimbaji mmoja mama wa makamo, wakipiga ile taarab ya kale ambayo Ikhwani Safaa wameipiga tangu mwaka 1905. Hesabu nayo ikafika, ndani ya kisanduku cha mbao chenye nakshi. Nikaisoma, nikaisoma tena nikirudisha zile sifuri tatu mahali pake, nikahesabu noti za elfu kumi kumi, nikaziweka kisandukuni na kumpungia mhudumu. Jambo ambalo sikulizingatia ni kwamba mwanangu, tangu ana miezi minne, hakosi harusi hata moja mapajani mwa mama yake, na anaelewa vizuri kuliko mimi kinachofanywa na mtu mwenye heshima zake akisikia kanuni huku amekaribiana na pesa.

Alizitoa kisandukuni. Akazinyanyua juu ya kichwa, akazipunga, akaenda kwa mwendo ule wa madaha wa wifi zangu wakielekea jukwaani, bega moja mbele na miguu haina haraka, akaanza kutunza. Mpiga kanuni akapata yake, mwenye udi yake, fidla, dumbak, kila mmoja akiinamisha kichwa kupokea. Mwimbaji alimrudia mara mbili, na kila akimtunza ule ubeti ulianza upya. Ua mzima ukasimama kumpigia makofi. Wale maharusi wakafungua pochi na kujipanga nyuma yake.

Mfukoni nilikuwa nimebakiwa na nauli ya boti. Mama watoto aliusoma uso wangu, akaniinamia.

"Baba watoto, usithubutu. Tuzo hairudi, na dada yangu anajulikana hapa."

Nikampigia simu mama yangu, Wete, anitumie pesa kwa simu, na ikanibidi nieleze kwa nini. Nikamwambia Mzee amezitunza zote kwenye taarab.

"Mzee yupi?"

"Mjukuu wako, mama."

"Alimtunza mpiga kanuni au mwimbaji?"

"Wote, lakini mwimbaji alimpa mara mbili."

"Basi ni yeye," akasema. "Na zile zilikuwa za mchele." Akaniuliza zinapungua ngapi, nikamtajia, akataka nirudie, nikarudia. Halafu akauliza tumekula watu wangapi.

"Watatu," nikamwambia, "na paka."