Nchi Yangu ya Sambusa

Kwenye vitabu vyenu, Moresnet, kijinchi kilichobanwa kati ya Ubelgiji, Ujerumani na Uholanzi, ilikufa kwenye mkataba wa Versailles mwaka 1919, ikamezwa na Ubelgiji. Huku kwangu kalamu ya wale wakubwa iliishiwa wino walipofika kwetu. Tukabaki. Tukajiita Amikejo, yaani mahali pa urafiki, jamhuri ya Kiesperanto, ile lugha ya kubuniwa, na mimi mwenye goti bovu na kodi ya miezi miwili ndiye raia wake.

Urafiki gani jamani! Nchi nzima ni kilomita za mraba 3 na nusu, imechongoka kama sambusa. Ukipiga chafya sebuleni, Mjerumani anakuombea afya. Simu yangu haijui iko wapi: jikoni inanikaribisha Ubelgiji, chooni Ujerumani, nikipanda darini Uholanzi. Na kila ikinikaribisha inanikata salio.

Chanzo ni zinki. Mwaka 1816 Waprusia na Waholanzi waligombea mgodi wa Kelmis kama ndugu wanaogombea shamba la marehemu, mwisho wakakubaliana eneo lisiwe la mtu. Zinki yetu ikaenda kuezeka mapaa ya Paris. Mwaka 1885 mgodi ukaisha. Paris wamelala pakavu, mimi nimeweka ndoo tatu chumbani, mvua ikinyesha ni ngoma mpaka alfajiri.

Halafu kuna Daktari Molly, Mungu amrehemu, mganga wa mgodini ambaye kichwa chake hakikutulia. Mwaka 1886 alianzisha posta yenye stempu zake, ikazimwa mara moja. Hilo nimemsamehe. Ila mwaka 1908 akaja na hili la Kiesperanto!

Wanasema ni lugha rahisi. Jina huishia na o, sifa na a, sawa. Lakini kitu kikitendwa sharti kivae n. Ukimwona mbwa, si hundo tena, ni hundon. Mbwa mwenyewe hajali. Anayejali ni mke wangu, mwalimu wa lugha hiyo. Juzi tumegombana kuhusu hizo ndoo, mate yananitoka, neno langu zito liko njiani, akainua kidole: "Umesahau n."

Nikabamiza mlango, nikatoka kupoza moyo. Wanaume wa nchi nyingine wakikasirika hutembea mpaka hasira iwaishe. Mimi yangu ndiyo kwanza inakolea, nikasikia filimbi: mlinzi wa mpaka wa Ujerumani anataka pasipoti. Nikajipapasa. Iko kwenye koti la Jumapili, nyumbani. Polisi wetu ni mmoja tu, na siku hiyo alikuwa likizo, nje ya nchi, yaani ng'ambo ya barabara.

Ikabidi nimpigie mama watoto, kwa bei ya Ujerumani. Nikameza kiburi, nikasema kwa upole wote niliojaliwa:

"Mi forgesis la pasporto."

Kimya. Salio linakwenda.

"Pasporton," akajibu, akakata.