Kabla hamjamwamini fundi baiskeli

Kwanza kabisa: nilikuwa na kanga. Nalisema mapema kwa sababu rafiki yangu fundi baiskeli, ambaye wengi wenu amewazibia pancha, tangu Ijumaa kakaa pale kijiwe cha kahawa Ngamiani anawaambia watu nilitoka uchi. Uongo. Kanga ilikuwepo, na hiyo kanga ndiyo iliyonimaliza. Tutafika.

Chanzo ni mchicha. Mchicha mnaujua kwenye sufuria, na nazi yake. Mbegu zake mmeshaziona? Mimi nilinunua pakiti pale soko la Mgandini, kuifungua nikadhani nimeuziwa ugoro. Vitu vyeusi, vinang'aa, kimoja hakifiki hata milimita 2. Gramu 1 inaingia punje 1,000 na zaidi, na pakiti yangu ilikuwa ya gramu 50, pigeni hesabu wenyewe. Mzee aliyeniuzia akanionya: "Changanya na mchanga mkavu ndiyo umwage, mwanangu, la sivyo zitaangukia mahali pamoja." Nikaitikia "Sawa mzee" kwa adabu zote, moyoni nasema mchanga wa nini tena, uani kwetu kuna nini zaidi ya mchanga? Nikamwaga pakiti nzima kwenye kijitalu kando ya ukuta, kuanzia bafuni mpaka dirishani kwangu.

Siku ya nne ukaota kama zulia. Bi Mkubwa mwenye nyumba akafurahi, akaanza kuniita Bwana Shamba. Wiki ya tatu, wakati hasa wa kuung'oa, nikapata kibarua Pangani. Nikaaga siku kumi, nikakaa miezi miwili. Huku nyuma masika yanapiga, maji ya bafuni yanatiririkia palepale, samadi ya mbuzi wa Bi Mkubwa iko palepale. Wapangaji walichuma mpaka wakakinai. Mchicha haukukinai.

Niliporudi nilikuta msitu. Umenipita kichwa! (Mimi ni futi tano na nusu. Fundi anasema tano. Mpuuzeni.) Juu umetoa masuke manene, yameinama kwa mbegu. Ila mashina yake, jamani, membamba kama fimbo ya mchungaji. Mimea ikibanana hivyo kila mmoja unakimbilia jua, unarefuka tu, nguvu hauna. Hilo ningelijua mapema nisingekuwa naandika haya.

Basi Ijumaa, baada ya Alasiri, niko bafuni najimwagia maji, nasikia "Hodi, hodi!" Sauti za wanaume, tena nzito. Nikachungulia kwenye tundu la bati. Mkeka umetandikwa uani, kwa kuwa baraza linavuja, na juu yake wazee wanne wa kanzu na kofia, buli la kahawa katikati. Posa ya binti wa Bi Mkubwa! Nilikuwa nimeambiwa Ijumaa, mimi nikaelewa Ijumaa ya mbele.

Taulo langu liko kwenye kamba, ng'ambo ya wazee. Humo bafuni kuna kanga moja ya Bi Mkubwa inaning'inia. Nikaivaa. Sasa nitapitaje? Nikautazama ule msitu wangu, toka mlango wa bafu mpaka dirishani, nikajiona nina akili sana. Nitapita humo humo kwa magoti.

Nikaingia. Mwili umelowa, kila suke ninalogusa linanimwagia mbegu: kichwani, masikioni, mgongoni, zinanata kama ufuta kwenye mkate. Natambaa. Namsikia mzee mmoja anasema, "...kijana wetu ana heshima zake..." Natambaa. Bado kama hatua nne nifike dirishani. Nikasogeza shina moja, uso kwa uso na kuku.

Ana vifaranga.

Tulitazamana. Sijui muda gani, kwangu ilikuwa kama hotuba ya Idi. Nikamwonyesha kiganja, kumaanisha mimi ni mtu wa amani. Akavimba, manyoya yote yakasimama. Nikarudi nyuma kidogo, nikakanyaga kanga. Akaruka. Nikainuka kwa mshtuko, nikashika shina la karibu ili nisianguke, lile shina likaenda, likaegemea mwenzake, mwenzake akaegemea wake, nikausikia mchicha wote unasema kwaaa, taratibu, kutoka bafuni mpaka dirishani, unalala kuelekea mkekani, na mimi juu yake, kifudifudi. Kichwa changu kikaishia pembeni mwa buli.

Kimya. Hata kuku alinyamaza.

Mnajua malezi ya Tanga. Mtu hata akiwa chini, wazee ni wazee. Nikainua uso wenye mbegu, nikasema, "Shikamooni."

Wakaitikia wote wanne kwa pamoja: "Marahaba."

Ingeishia hapo ningeshukuru. Lakini mzee wa mwisho, mwenye miwani, akainama nyuma yangu. Kanga ilikuwa imebaki inakoshikilia, na maandishi yamekaa yalipokaa, na yeye akaanza kusoma kwa sauti, neno moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza: "Mgeni... njoo... mwenyeji... apone."

Akamgeukia Bi Mkubwa. "Huyu naye ni wa humu?"

"Mpangaji," akasema Bi Mkubwa, bila kunitazama. "Chumba cha uani."

Yaliyobaki mnaweza kuyajaza wenyewe. Posa imekubaliwa, harusi baada ya mwezi, mimi nimepewa kazi ya kuchota maji siku hiyo, mbali na mkeka. Kanga nimeifua mara tatu. Mchicha wamekula mbuzi.

Leo asubuhi natoka kwenda kibaruani, nikaona kwenye ufa wa kizingiti changu, nilikojikung'utia siku ile, vijani viwili viwili, vikonyo vyekundu. Nilihesabu mpaka arobaini nikaacha. Nimerudi mchana nimekuta fundi baiskeli amepita. Ameniachia mlangoni ndoo ya mchanga mkavu.